Bi. Muslima Jillo na Kipanya cha Mzee Liban

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi. Muslima Jillo atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Kituo cha Malka, Garsen, na siku hiyohiyo atastaafu. Aliajiriwa mwaka 1993 kama mpiga chapa. Anaondoka akiwa mkuu wa mifumo ya kompyuta, idara aliyoianzisha mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, na kwa muda mrefu akawa mfanyakazi wake wa pekee. Katika kipindi chote hicho hakuna aliyekuwa chini yake aliyewahi kulalamika.

Kamati ya sherehe imenitwika mimi, Najib wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu niliyopewa ni kwamba namfahamu vizuri. Ukweli ni kwamba kila kifaa cha kituo hiki hutoka stoo kwa sahihi yangu, na hakuna kifaa chenye skrini, kitufe au waya ambacho Bi. Muslima hakuwahi kukiazima ili akifanyie majaribio. Vingine bado navisubiri.

Kwa wageni watakaosoma programu hii ya sherehe, malka ni njia ya mifugo inayokatiza katikati ya mashamba mpaka mtoni. Mfugaji anaihitaji kiangazi, ng'ombe wanapokuwa na kiu. Mkulima anaihitaji ibaki palepale ilipo, isitanuke. Kazi ya kituo chetu ni kuwakutanisha watu hawa wawili kabla ng'ombe na mpunga hawajakutana wenyewe. Ni kazi rahisi kuieleza.

Bi. Muslima alizaliwa katika boma la wafugaji upande wa Kinakomba. Marehemu baba yake alipoambiwa kwamba binti yake ameajiriwa Garsen kuandika malka kwenye karatasi, aliuliza kama kuna malka iliyopotea. Alijibiwa kuwa hakuna. Akasema basi ni kazi nzuri, haina hatari.

Miaka ile ya mwanzo alikuwa akipiga chapa maafikiano ya wazee palepale kikaoni, kwa mashine ya chuma iliyosikika mpaka barabarani. Wazee waliokuwa wakivutana walinyamaza kila alipoanza kupiga, wakidhani ana la kuongeza. Mkurugenzi wa wakati ule aliandika katika ripoti yake kwamba vikao vimekuwa na utulivu mkubwa, akausifu uongozi wake mwenyewe.

Kompyuta ya kwanza ilipofika, Bi. Muslima alikifumia kipanya chake kitambaa cheupe, maana vumbi la Garsen halichagui. Kisha yakaja mafuriko ya El Nino. Maji yalipoingia ofisini, alitoka na kompyuta mapajani, ndani ya mtumbwi, akiwa amejifunika turubai. Kipanya kilibaki kwenye droo pamoja na kitambaa chake, na droo ikaenda na maji. Ombi la kipanya kipya lilipitia ngazi zote husika, na kwa mwaka mzima na zaidi Bi. Muslima alifanya kazi kwa kibodi peke yake. Kipanya kilipofika hatimaye, alikipokea kwa adabu, akakiweka kando. Tangu hapo alivitazama vyombo vyote vya kuelekezea kama mtu aliyezoea kutembea bila fimbo anavyomtazama anayechechemea.

Hii ndiyo hali aliyokuwa nayo aliporudi kutoka masomoni Mombasa na diploma yake ya kompyuta na kuanza kazi ambayo itabaki na jina lake, Ramani ya Malka. Ni programu ya mtandao, yaani haisakinishwi mahali. Unaifungua kwenye kivinjari cha simu, tableti au kompyuta yoyote. Inaonyesha mto, mashamba, malka zote, na makundi ya ng'ombe yalipofikia. Malka ikitaka kuhamishwa kwa muda, upande mmoja unachora njia mpya, upande wa pili unabonyeza Kubali, mstari unageuka kijani, na ujumbe unaingia kwenye simu za wachungaji wote huko tambarare. Kila upande una tableti yake, na idhini haipokelewi kutoka kwenye mashine nyingine. Wala hakuna anayeruhusiwa kumbonyezea mwenzake. Kanuni hizi mbili alizitunga Bi. Muslima mwenyewe, akazilinda kama mboni ya jicho, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema kwamba njia fulani ilikubaliwa nyuma ya mgongo wake.

Sasa kuna jambo moja la kitaalamu ambalo sina budi kulieleza. Niliomba niliruke, kamati ikakataa.

Watu hawashiki mashine kwa namna moja. Mwingine anatumia kidole, mwingine kipanya, mwingine kalamu ya skrini. Mwenye kipanya ana mshale mdogo anaoweza kuusimamisha juu ya kitufe bila kukibonyeza, na orodha ikafunguka yenyewe. Mwenye kidole hana mshale. Kidole ni kinene, na hakiwezi kuelea juu ya kitu. Ama kinagusa au hakigusi. Kwa hiyo programu inapaswa kujua imeshikwa na nini, la sivyo itamwandalia mgeni wa uji uma na kisu.

Bi. Muslima alilimaliza tatizo hili kwa mstari mmoja. Programu ikifunguliwa tu, iliiuliza mashine inatumia mfumo endeshi gani, yaani ile programu mama inayoiendesha. Mashine ikijibu kwamba ni mfumo wa simu, programu ilijiandaa kwa kidole na kuziba masikio kwa kila kitu kingine. Ikijibu kwamba ni mfumo wa kompyuta, ilijiandaa kwa kipanya. Mstari huo aliuandika asubuhi moja kabla ya chai. Ulifanya kazi miaka mingi, naye hakuficha kwamba anajivunia.

Dalili zilikuwepo. Aliwahi kuja mgeni kutoka Nairobi na tableti ya bei kubwa, ambayo kwa sababu zake ilijitambulisha kuwa ni kompyuta ya mezani. Programu ikampa vitufe vidogo vidogo na orodha zinazofunguka kwa mshale tu. Mgeni alibonyeza mchana kutwa. Bi. Muslima alimchunguza, akahitimisha kuwa ana kidole kikavu. Baadaye nikanunua laptopu yenye skrini ya kugusa, na kwenye laptopu hiyo ramani haikukubali kuburutwa kwa kidole hata kidogo. Aliitatua hitilafu hiyo kwa kubandika karatasi juu ya skrini iliyoandikwa «Usiguse».

Kijana Abdirizak, aliyeajiriwa mwaka 2022 akiwa na shahada yake ya kompyuta, alimwambia katika wiki yake ya kwanza kwamba mfumo endeshi si ushahidi. Alieleza kwamba simu inaweza kuchomekwa kipanya, laptopu inaweza kuguswa, na mtu mmoja anaweza kuvitumia vyote viwili katika dakika moja. Bi. Muslima alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjulisha kuwa mstari ule ulikuwa kazini kabla yeye hajaota ndevu. Abdirizak alirudia ushauri wake kwa maandishi, akajibiwa kwa mdomo. Sitayaandika yaliyosemwa, kwa kuwa programu hii ya sherehe itasomwa na watoto.

Nayaandika haya si kwa kumsengenya mstaafu. Yeye mwenyewe aliusoma wasifu huu, akaniambia nikitoa sehemu hii hatahudhuria.

Januari 2024, Bi. Muslima aliipamba ramani. Kabla ya hapo kila kundi la ng'ombe lilionyeshwa kwa doa la kahawia. Aliyaondoa madoa akaweka ng'ombe wadogo aliowachora kwa mkono wake, wenye pembe, nundu na rangi zao, wengine wekundu, wengine weupe, mmoja mwenye baka usoni. Mkurugenzi wetu, Bi. Dorothy, aliwasifu kikaoni. Hata mimi, ambaye sisifu kitu mpaka niione risiti yake, niliwatazama kwa muda.

Wazee wengi wa wafugaji hapa kwetu hawamnyooshei ng'ombe kidole. Mzee akitaka kumwonyesha ng'ombe, atamwonyesha kwa fimbo, kwa kidevu, au kwa ngumi iliyofungwa. Kidole kikinyooka kimeshaanza kuhesabu, na mali ikihesabiwa hupungua. Bi. Muslima aliyajua haya vizuri. Alipokuwa mdogo Kinakomba alichapwa mkono kwa kosa hilohilo, na hadithi hiyo amewahi kutusimulia zaidi ya mara moja, akicheka. Lakini alikuwa na msimamo wake kwamba kidole ni kidole na picha ni picha, na kwamba wazee wanaopiga simu kwa kidole hawawezi kuanza kuogopa kioo. Mtu wa Nairobi asingeweza kufanya kosa hili, kwa sababu asingejua kuwachora ng'ombe wakafanana kiasi kile.

Basi ikafika Februari. Wale wa kijiji cha Wema mnakumbuka kwamba mwisho wa mwaka 2023 maji yalikuwa yamefunika mashamba, na mpunga ulipandwa kwa kuchelewa sana. Jua lilipokaza na ng'ombe kuanza kuteremka kuelekea mtoni, mpunga wa Alice, mkulima jirani kabisa na malka ya Wema, ndio kwanza ulikuwa unatoa masuke. Alice alikuwa amepoteza msimu mmoja kwa maji, na hakuwa na mwingine wa kupoteza kwa kwato. Wakulima wenzake wakachora njia mpya upande wa chini, kandokando ya mfereji wa zamani, ya muda wa mavuno tu. Walibonyeza upande wao. Ikabaki idhini ya Mzee Liban Sabdio, msemaji wa wafugaji. Ng'ombe walitarajiwa Ijumaa.

Mzee Liban alikuja ofisini Jumanne. Alikuwa ameshakubali moyoni. Njia ya chini ina maji zaidi, na alisema hivyo mbele yetu sote. Alipewa tableti ya wafugaji, akaona ng'ombe, akauvuta mkono wake nyuma. Akaomba kipanya. Mimi ndiye niliyekitoa stoo pamoja na waya mfupi wa kukiunganisha, nikachomeka, mshale ukatokea kwenye skrini, nami nikaona wajibu wangu umekwisha. Mzee aliusogeza mshale taratibu mpaka juu ya kundi lake, kisha juu ya kitufe cha Kubali, akabonyeza. Hakikutokea kitu. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa subira aliyojifunza kwa ng'ombe, mpaka muda wa kujibu uliowekwa siku hiyo ukapita. Programu iliyatazama hayo yote na kuyahesabu kuwa ni ukimya, kwa sababu ilikuwa imeshaambiwa na mashine kwamba ni mfumo wa simu, na mfumo wa simu hushikwa kwa kidole.

Kule Wema simu zikaingia ujumbe, «Wafugaji hawajakubali.» Hakuna aliyeusoma vile. Wote walisoma kwamba Mzee Liban amekataa, na kwa kuwa kwa kanuni zetu neno la mdomo si idhini, hakuna aliyepiga simu kuwaambia vinginevyo.

Jumatano vijana wa Wema walianza kuiziba malka kwa miiba. Habari ikafika Garsen kabla ya chai ya saa nne, na katika hoteli za karibu na steji watu waliokuwa wakila meza moja wakaanza kula meza mbili. Mimi nimezaliwa hapa. Najua sauti ya mji huu ukiwa umekasirika, na najua ukimya wake pia, na siku ile niliuogopa ule ukimya.

Alhamisi asubuhi Alice alikuja mwenyewe kwa bodaboda. Alimkuta Mzee Liban ofisini, amerudi kujaribu tena. Bi. Dorothy alikuwa Hola kikazi, kwa hiyo mkubwa aliyekuwepo alikuwa Bi. Muslima. Alice hakukaa.

«Mzee Liban, kama hutaki, sema hutaki,» alisema. «Nijue. Mpunga wangu uko nje, mimi siwezi kungoja kubembelezwa na simu.»

Mzee alikiacha kipanya, akamgeukia. Alikuwa mtu ambaye neno lake limepitisha ng'ombe na watu katika nchi hii tangu kabla ya barabara ya lami, na sasa alikuwa ameitwa mwongo bila kufungua mdomo.

«Mimi nimekubali mpaka mkono imechoka,» alisema. «Hii mashine ndiyo haitaki mkono yangu.»

Bi. Muslima, kwa upole wa kiofisi, alimwomba atumie kidole. Kitufe kilikuwa pembeni, alisema, wala hahitaji kumgusa ng'ombe yeyote. Mzee alimtazama. Kitufe kilikuwa kimechorwa chini ya kundi lake, kwato za ng'ombe wawili zikikigusa.

«Binti Jillo,» alisema, «ng'ombe haionyeshwi kidole. Wewe baba yako nilimjua.»

Abdirizak alipendekeza kwamba warudishe yale madoa ya kahawia kwa siku moja tu. Mzee alikataa. Alikuwa ameshaona kilichopo pale, na ukiwafunika ng'ombe kwa doa, ng'ombe hawajaondoka.

Ndipo Bi. Muslima akafanya jambo ambalo kwa miaka mingi alikuwa hajalifanya. Aliketi kwenye kiti cha mzee, akashika kipanya. Aliusogeza mshale mpaka kwenye kitufe. Mshale ulikwenda vizuri. Alibonyeza, kitufe kikakaa kimya. Alibonyeza mara nyingine, na uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliuona. Hakuhitaji kufungua programu wala kusoma mstari wowote. Alijua ni upi, na alijua aliuandika lini.

Aliinuka akamgeukia Abdirizak. «Uliniambia,» alisema.

Kisha akamgeukia Mzee Liban na Alice, akawaambia mbele ya ofisi nzima kwamba mzee hakukataa, kwamba alikubali tangu Jumanne, na kwamba aliyemziba mdomo ni yeye, Muslima. Aliyasema akiwa amesimama wima kama mtoto wa shule. Alice alikaa. Mzee Liban akaomba chai.

Kazi yenyewe ilifanyika kuanzia adhuhuri, na waliifanya wawili, kibodi ikihama kutoka mkono hadi mkono. Waliufuta ule mstari. Programu haikuuliza tena mashine ni ya mfumo gani. Badala yake ilisubiri. Abdirizak alinieleza kwamba kila mguso na kila mbonyezo unapofika kwenye kivinjari huja na habari yake, kwamba umetoka kwenye kidole, au kipanya, au kalamu, na kwamba mtu akibadilisha chombo katikati ya kazi, habari nayo hubadilika. Kilichotakiwa ni kusikiliza vyote, kila mara, na kutokificha kitufe chochote kwa mtu asiye na mshale. Bi. Muslima aliongeza kwamba vitufe vyote viwe vikubwa kwa kila mtu, na kwamba kibodi peke yake itoshe kufanya kila jambo. Hapo nilijua amesharudi katika hali yake.

Nilifungua stoo yote. Walijaribu kwa simu kuukuu yenye skrini iliyopasuka, kwa tableti iliyochomekwa kipanya, kwa kompyuta ya mezani, na kwa kalamu ya skrini ambayo nilikuwa nimeiandika kuwa imepotea. Tableti ya mgeni wa Nairobi haikuwepo, lakini aliyonayo Bi. Dorothy ni ya aina ileile inayojifanya kompyuta. Alipoifungua ramani kule Hola, alipiga simu kuuliza kwa nini leo inafanya kazi. Mwisho Bi. Muslima alichukua ile laptopu ya kugusa, akabandua karatasi yake mwenyewe ya «Usiguse», akaiburuta ramani kwa kidole kutoka Garsen hadi Kipini na kuirudisha. Gundi ya karatasi ile bado ipo kwenye skrini. Nimejaribu mafuta ya taa.

Wakati wanajaribu, Mzee Liban alitaka kuelezwa kosa lilikuwa nini hasa. Abdirizak alianza na neno mfumo endeshi, akakwama. Bi. Muslima akalichukua.

«Mzee, programu yangu ilikuwa inauliza kabila la simu,» alisema. «Ikishajua kabila, haimtazami tena mwenyewe anafanya nini.»

Mzee alimtazama Alice, Alice akaitazama sakafu. Kisha mzee akasema kuwa kosa hilo analifahamu.

Kabla ya alasiri alishika kipanya chake, akausogeza mshale, akabonyeza mara moja. Mstari ukageuka kijani. Alice alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, na simu yake ikalia ndani ya mkoba. Aliisoma, akampa mzee mkono. Ijumaa, ng'ombe walipofika, wachungaji waliwageuza kwenye njia ya chini, na baada ya swala vijana wa Wema wakaanza kuiondoa miiba waliyoiweka. Alice alivuna. Gunia moja la mpunga huo lilifika hapa kituoni, na kwa kuwa halikuwa limeandikwa stoo, sikupata namna rasmi ya kulikataa.

Bi. Dorothy aliporudi alipendekeza ng'ombe waondolewe kwenye ramani ili yaishe. Waliitwa wazee kuulizwa. Wazee walisema ng'ombe wabaki, ni ng'ombe wazuri, na kipanya kibaki. Hivyo tangu mwaka jana tableti ya wafugaji ina kipanya chake cha kudumu, kimefungwa kwa kamba. Kina kitambaa cheupe cha kufuma, na nisiulizwe kimetoka wapi. Wakulima nao waliomba mashamba yao yawekewe picha ya mpunga. Bi. Muslima aliichora. Ukweli lazima usemwe, inafanana na nyasi.

Mafanikio mengine ya Bi. Muslima ni mengi na kamati inayo orodha yake. Ramani ya Malka sasa inatumika mpaka Kilelengwani. Amewafundisha kompyuta watu ambao leo ni wakubwa kuliko yeye, na kila anapowakuta huwasahihisha namna wanavyokaa kitini. Idara anamwachia Abdirizak. Katika kumkabidhi alimpa nasaha moja tu, kwamba siku atakapokuja kijana mwingine na ushauri katika wiki yake ya kwanza, ausikilize kwanza, kisha ndipo amkasirikie.

Wiki iliyopita Mzee Liban alikuja kumuaga. Siku hizi miguu haimtii sana, kwa hiyo alikaa kwenye kiti kilekile na kumwomba Abdirizak aweke kwenye tableti picha ya kundi lake, aliyopigiwa malishoni. Alikitoa kitambaa, akashika kipanya, akaupitisha mshale polepole juu ya mgongo baada ya mgongo, mpaka ukasimama kwenye mtamba mwekundu mwenye baka usoni. «Huyo ni wako, binti Jillo,» alisema. Kwa mstaafu wa ofisi, ambaye kwa miaka thelathini na miwili alichora njia za ng'ombe wa wenzake, ilikuwa ni mara ya kwanza kuwa na ng'ombe wake mwenyewe wa kupita humo.

Bi. Muslima aliinama kumtazama vizuri. Mkono wake ulinyanyuka kuelekea kwenye kioo, kama wa mtu yeyote anayetaka kuuliza, ni huyu? Ulifika nusu ya njia. Halafu kidole kikajikunja chenyewe, akakaa hivyo kidogo huku machozi yakimtoka bila kuyaficha. Akamwomba mzee kipanya.

Bi. Muslima, tunakushukuru kwa malka zote na kwa siku ile uliyosimama ukasema kosa ni lako. Stoo imekusamehe vifaa vyote ambavyo havijarudi. Mungu akupe umri mrefu wenye afya, na mvua inyeshe kwa kiasi huko Kinakomba. Mtamba wako azae mitamba, na asitokee mtu wa kuwahesabu.